GARI LIKIKOSEA, NANI HUSHTAKIWA?



Kwa muda sasa wenzetu, hasa madereva wa malori ya miwa na ya majani ya chai, wamekuwa wakituuliza habari za magari ya umeme ambayo inasemekana hujiendesha yenyewe. Wengine wamesikia kwamba kazi ya udereva imekwisha. Wengine wamesikia kwamba magari hayo yameua watu huko Marekani na China. Katika makala hii tutaeleza yale yanayojulikana, kisha tutasema kwa nini habari hii inamhusu hata mfanyakazi ambaye hatanunua gari maisha yake yote.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Gari la umeme ni gari linaloendeshwa na mota na betri badala ya injini ya petroli au dizeli. Chombo cha kumsaidia dereva ni jambo jingine, nacho chaweza kufungwa hata kwenye lori la dizeli. Lakini viwanda vya magari ya umeme, kwanza Tesla ya Marekani na baadaye viwanda vya China, vimeviuza vyote viwili pamoja na kuvitangaza kwa sauti kubwa, ndiyo maana watu wamevichanganya.

CHOMBO CHENYEWE

Nyuma ya kioo cha mbele hufungwa kamera. Magari mengine yana rada pia. Kompyuta iliyomo ndani ya gari hutazama mistari ya barabara, hupima umbali wa gari lililo mbele, kisha huzungusha usukani, huongeza mwendo au hupiga breki.

Wahandisi wameigawa kazi hii katika ngazi, kuanzia 0 mpaka 5. Gari la ngazi ya 0 huendeshwa na mtu kwa kila kitu. Gari la ngazi ya 5 lingekwenda popote pasipo dereva. Karibu magari yote ya namna hii yaliyouzwa kwa watu wa kawaida yako ngazi ya 2. Maana yake gari hushika usukani na mwendo, lakini mtu ni lazima atazame barabara wakati wote, awe tayari kulishika gari mara moja.

Tesla ilianza kuwapa wateja wake chombo hicho mwezi Oktoba 2015 kwa jina la Autopilot, jina linalotumika kwa chombo cha kumsaidia rubani wa ndege. Baadaye ikauza kingine cha bei kubwa zaidi, Full Self-Driving, yaani kujiendesha kikamilifu. Kitabu cha maelezo kilimwambia mnunuzi ashike usukani na atazame barabara. Jina lilimwambia mnunuzi habari nyingine. Tuliangalie jambo hilo vizuri, maana mengi yaliyofuata yanatokana nalo.

MAKOSA YANAYOJULIKANA

Tarehe 7 Mei 2016, karibu na mji wa Williston katika jimbo la Florida, Tesla moja ilikuwa ikienda kwa Autopilot kiasi cha kilomita 119 kwa saa. Lori lenye tela likakatiza barabara. Gari halikupiga breki, dereva naye hakupiga. Gari likapita chini ya tela na dereva akafa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, ambayo hujulikana kwa herufi NTSB, ilichunguza. Ikakuta kwamba Autopilot ilifanya kazi kwa dakika 37 katika safari hiyo, na katika muda huo wote chombo kilihisi mikono ya dereva kwenye usukani kwa sekunde 25 tu. Bodi ilisema dereva alikitegemea chombo kupita kiasi, na ikasema pia kwamba namna chombo kilivyotengenezwa ilimruhusu kufanya hivyo. Septemba 2017 bodi iliviandikia viwanda sita, Tesla ikiwamo, vibuni njia bora ya kuhakikisha dereva yuko macho, na vikizuie chombo kutumika kwenye barabara ambazo hakikutengenezewa.

Tarehe 1 Machi 2019, katika jimbo lile lile la Florida, huko Delray Beach, jambo lile lile likatokea. Lori lilikatiza, Tesla iliyokuwa kwenye Autopilot haikupiga breki, ikapita chini ya tela, na dereva akafa. Februari 2020 bodi ilieleza hadharani kwamba viwanda vitano kati ya sita vilikuwa vimejibu barua yake ya 2017. Ambacho hakikujibu ni Tesla.

Kosa la pili ni gari kufuata njia isiyo yake. Tarehe 23 Machi 2018, huko Mountain View katika jimbo la California, gari la Tesla lilifika mahali ambapo barabara kuu huachana mara mbili na katikati hubaki pembe isiyopitwa na magari. Chombo kililipeleka gari ndani ya pembe ile, kikaongeza mwendo, na gari likagonga ukuta wa saruji likiwa na mwendo wa kilomita 114 kwa saa. Dereva, aliyekuwa mhandisi wa kompyuta, alifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba huenda alikuwa akicheza mchezo katika simu. Lakini ulionyesha pia kwamba kabla ya siku ile alikuwa amewaambia watu wake kuwa gari humvuta kuelekea pembe ile ile. Mwenye gari alilijua kosa, akalisema, na kosa likabaki.

Kosa la tatu ni kinyume cha yale mawili. Gari liko katika barabara kuu, mbele hakuna kitu, na ghafla linapiga breki kali. Anayefuata nyuma na lori hana nafasi ya kusimama. Februari 2022 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa magari barabarani, NHTSA, lilifungua uchunguzi juu ya magari ya Tesla yapatayo 416,000, baada ya kupokea malalamiko 354 ya namna hiyo katika muda wa miezi tisa.

Mtu anaweza kuuliza, inakuwaje mashine ipige breki pasipo kitu, halafu isipige penye lori? Sababu ni moja. Barabarani kuna vitu vingi vilivyosimama: vibao, madaraja, nguzo, magari yaliyoegeshwa. Chombo kikiogopa kila kitu, gari litapiga breki kila baada ya hatua chache. Kwa hiyo watengenezaji hukifundisha kupuuza baadhi ya vitu. Kikipuuza mno, kinamgonga aliyesimama. Kikiogopa mno, kinapiga breki bure. Ndiyo maana Agosti 2021 NHTSA ilianza kuchunguza ajali 11 ambamo magari ya Tesla yaligonga mahali penye magari ya polisi, ya zima moto na ya huduma nyingine yaliyokuwa yamesimama kuhudumia watu barabarani. Watu 17 walijeruhiwa na mmoja akafa.

Kosa la nne ni kumkabidhi dereva gari wakati umekwisha. Usiku wa tarehe 29 Machi 2025, katika jimbo la Anhui nchini China, gari la umeme aina ya Xiaomi SU7 lilikuwa likijiongoza kwa kilomita 116 kwa saa. Mbele barabara ilikuwa inatengenezwa na upande mmoja umefungwa. Chombo kilitoa onyo, dereva akashika usukani, lakini kati ya onyo na kugonga zege hazikupita zaidi ya sekunde chache. Wanafunzi watatu wa chuo kikuu, wote wasichana, walikufa. Septemba mwaka huo Xiaomi ilitangaza kuyarekebisha magari 116,887 ya aina hiyo.

KAZI YA KUKESHA

Wenye viwanda husema: tulimwambia dereva awe macho. Sisi tuliofanya kazi kwenye mashine tunalijua neno hilo. Mtu akikatwa kidole na mashine isiyo na kinga, ripoti ya kwanza husema alikuwa mzembe.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Uingereza, Norman Mackworth, alichapisha majaribio yake juu ya watu wanaokaa kutazama. Alitaka kujua kwa nini waangalizi wa rada wakati wa vita walikosa kuona adui. Akawaweka watu mbele ya mshale unaozunguka kama wa saa, wangoje ruko ambalo hutokea mara chache. Ilipopita nusu saa tu, watu wale wenye afya na nia njema walianza kukosa kuliona. Kwa hiyo jambo hili limejulikana tangu enzi za babu zetu: binadamu hawezi kuitazama kwa saa nyingi mashine inayofanya kazi vizuri, halafu aamke katika sekunde moja pale inapokosea. Mlinzi wa usiku analijua, na mtazamaji wa boila analijua. Anayeendesha kwa mikono yake hukaa macho kwa sababu kazi yenyewe inamweka macho. Anayekaa kuitazama mashine ikiendesha amepewa kazi iliyo ngumu zaidi, huku akiambiwa kwamba amepunguziwa.

HATIA HUANGUKA WAPI

Sasa tuje kwenye habari tunayotaka kila dereva wa kuajiriwa aikumbuke. Tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, gari aina ya Volvo lililofungwa kompyuta na kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Ndani ya gari alikuwamo mwanamke mfanyakazi, ambaye kazi yake ilikuwa kuitazama mashine. Alikuwa ameinamisha macho kwenye simu.

Bodi ya NTSB ilipochunguza ilikuta haya. Kompyuta ilikuwa imemwona mtu yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, lakini haikumtambua kuwa ni mtu. Mara ilisema ni gari, mara ni baiskeli, mara kitu kingine. Haikuwa imefundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama ya kuvukia. Breki ya dharura ambayo Volvo huja nayo kutoka kiwandani ilikuwa imezimwa kila kompyuta ya Uber inapoendesha. Tena zamani kampuni iliweka wafanyakazi wawili katika kila gari, ikawapunguza ikabaki na mmoja miezi michache kabla ya ajali.

Machi 2019 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka 2020 mfanyakazi akashtakiwa kwa kusababisha kifo. Julai 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu chini ya uangalizi. Hatusemi kwamba hakukosa. Aliyekufa alikuwa binadamu, na macho yale yalipaswa kuwa barabarani. Tunasema kwamba makosa yalikuwa mengi na yalitoka kwa wengi, lakini aliyesimama kizimbani alikuwa mmoja, yule wa mshahara mdogo kuliko wote.

Kwa muda mrefu wenye magari ya Tesla nao walibeba mzigo huo peke yao. Hali ilianza kubadilika tarehe 1 Agosti 2025 mjini Miami. Kesi ilihusu ajali ya 2019 huko Key Largo, ambapo dereva aliyekuwa kwenye Autopilot aliinama kutafuta simu iliyoanguka. Gari likapita mwisho wa barabara bila kusimama, likagonga gari lililoegeshwa, likamuua msichana wa miaka 22 na kumjeruhi rafiki yake. Jopo la raia waliosikiliza kesi liligawa hatia: dereva asilimia 67, Tesla asilimia 33. Kampuni ikaamriwa kulipa kiasi cha dola milioni 243, nayo ikasema itakata rufani. Mlione lililo kubwa katika hukumu hiyo. Dereva hakusamehewa. Lakini aliyetengeneza chombo na kukipa jina naye alihesabiwa.

WALIOSEMA MAPEMA

Makosa haya hayakufichuliwa na wakubwa. Yalifichuliwa na wenye magari walioandika malalamiko, na na mafundi. Mei 2023 gazeti la Handelsblatt la Ujerumani lilichapisha habari zilizotoka katika nyaraka za ndani za Tesla. Aliyezitoa alikuwa Lukasz Krupski, fundi aliyefanya kazi katika karakana ya kampuni hiyo nchini Norway na ambaye alikuwa amefukuzwa kazi. Nyaraka zilikuwa na malalamiko zaidi ya 2,400 ya magari kuongeza mwendo yenyewe na zaidi ya 1,500 ya breki. Gazeti lilieleza kwamba wafanyakazi waliagizwa kumweleza mteja majibu kwa mdomo tu, wasimwandikie. Kila mfanyakazi anajua maana ya maneno yasiyoandikwa.

Desemba 2023 Tesla ilitangaza kuyarekebisha magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani, karibu yote iliyokuwa imeyauza huko, kwa kutuma programu mpya kwa njia ya mtandao ili dereva aonywe zaidi. Aprili 2024 NHTSA ilitoa matokeo yake: ilikuwa imekuta ajali 467, na kati ya hizo 13 ziliua mtu mmoja au zaidi. Ikasema jina Autopilot linaweza kumfanya dereva aamini kwamba chombo kina uwezo kuliko kilivyo. Siku zile zile ikafungua uchunguzi mwingine, kuona kama marekebisho yale yalitosha.

SHERIA ZINAWEZA KUTUNGWA

Asije mtu akatuambia kwamba jambo hili halina dawa. Aprili 2025, baada ya ajali ya Anhui, wizara ya viwanda ya China iliwaita wawakilishi wa viwanda vya magari, ikawakataza kutangaza magari ya ngazi ya 2 kana kwamba yanajiendesha. Uingereza ilipitisha sheria Mei 2024 isemayo kwamba gari likiidhinishwa kujiendesha, na likawa linajiendesha, aliyekaa ndani hatashtakiwa kwa namna lilivyokwenda. Kampuni ndiyo itakayojibu. Nayo Mercedes-Benz ya Ujerumani, ilipouza chombo chake cha ngazi ya 3 mwaka 2022, kilichotengenezwa kutumika katika foleni za barabara kuu, ilikubali kubeba dhamana wakati chombo kinaendesha. Basi inawezekana. Anayesema mashine yake inaendesha anaweza kulazimishwa kusimama nyuma ya neno lake.

NA SISI HUKU?

Wafanyakazi wa Afrika Mashariki walikwisha kuingia katika kazi hii kabla hata ya magari yenyewe kufika. Mwaka 2018 vijana wa Kibera, Nairobi, walikuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Samasource kwa kiasi cha dola 9 kwa siku. Kazi yao ilikuwa kuchora mistari kuzunguka watu, vibao na magari katika picha, moja baada ya nyingine, ili kompyuta za magari zijifunze kutambua mtu ni yupi na kibao ni kipi. Anaposema mkubwa fulani kwamba mashine imejifunza yenyewe, mkumbuke macho ya vijana wale.

Na magari yanakuja. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza Nairobi mwaka 2022. Uganda ina mabasi ya Kayoola ya Kiira Motors. Ethiopia ilitangaza mwaka 2024 kuzuia magari ya petroli na dizeli kuingizwa nchini. Si kila gari la umeme lina vyombo tulivyovieleza, na umeme wenyewe hatuupingi. Moshi wa dizeli tumeuvuta miaka mingi. Lakini vyombo hivi vinafika pia katika magari ya mtumba na malori mapya. Kwa hiyo tunawashauri madereva na matawi yafuatayo.

1. Ukikabidhiwa gari jipya, uliza lina chombo gani cha kusaidia, kinawashwaje na kinazimwaje. Usiondoke uwanjani kabla ya kuonyeshwa.

2. Chochote jina lake, kama ni ngazi ya 2 wewe ndiwe dereva. Mikono kwenye usukani, macho barabarani, simu mfukoni.

3. Kamera husoma mistari ya barabara. Barabara ya vumbi haina mistari. Tope, ukungu na jua la machweo huipofusha kamera. Hapo usikitegemee chombo.

4. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe na kuwekwa sawa upya. Kama karakana haina vifaa vya kazi hiyo, iandikwe hivyo kwenye kadi ya gari na chombo kizimwe.

5. Gari likivuta usukani au kupiga breki lenyewe, andika siku, saa, mahali na mwendo. Nakala moja mpe msimamizi akutilie sahihi, nakala moja ipeleke tawini. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba fundi ataangalia.

6. Matawi yanapojadili mikataba, yatake iandikwe kwamba ajali ikitokea, kumbukumbu za kompyuta ya gari zitaonyeshwa kwa dereva na chama chake, na kwamba dereva aliyeripoti kosa hataadhibiwa kwa kukataa kuliendesha gari lile.

Wazee walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mwiba ulioachwa njiani na mwingine ni lazima tuulize nani aliuacha. Madereva wenzetu, anzeni kuandika leo, hata kabla gari la kwanza la namna hiyo halijaingia uwanjani kwenu. Breki mbovu ya lori kuukuu nayo huandikwa kwa njia ile ile.